Kununua Gari Kuukuu la Fowili: Somo kwa Kikundi Kisicho na Fundi



Kila mwaka bonasi ya majani chai inapokaribia, mwezi wa Oktoba, vikundi huanza kupanga mipango. Kimoja chataka tangi la maji, kingine chataka ng'ombe wa gredi, na siku hizi vingi vyataka gari. Na si gari lolote. Vyataka fowili, yaani gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne, kwa sababu kila mtu anayeishi huku Roret anajua udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha. Gari jipya hatuliwezi. Basi tunatafuta kuukuu, lililotembea kilomita nyingi, na hapo ndipo taabu huanza, kwa maana wengi wetu hatujui hata boneti hufunguliwa wapi.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze

(a) kuamua kama kweli wanahitaji gari la fowili;
(b) kulikagua gari kuukuu kwa macho, masikio, pua na mikono yao wenyewe;
(c) kulinda pesa za kikundi na jina la wale waliotumwa kununua.

Somo lachukua mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika penye maswali, simameni mzungumze kabla ya kuendelea.

KISA CHETU

Miaka kadhaa iliyopita, kikundi kimoja cha huku kwenye majani chai kilituomba sisi wa ofisi ya maendeleo tukisindikize kwenda kununua gari. Kilikuwa na wanachama 32, wengi wao akina mama. Kila mmoja alichanga shilingi 150 kila wiki kwa miaka mitatu, na pesa zilikuwa zimekaribia shilingi 750,000. Mpango wao ulikuwa mzuri: mchana gari lipeleke avokado na maziwa sokoni, usiku likiitwa lipeleke wagonjwa Kapkatet hospitali.

Tulikwenda watu watano mpaka mji mmoja mkubwa ambako broka alitungoja. Gari lilikuwa jeupe, limepakwa rangi mpya, na injini imeoshwa ikang'aa. Lilikuwa tayari linanguruma tulipofika. Mita ilisoma kilomita 140,000.

"Mama, gari hii ilikuwa ya daktari wa misheni," broka alisema. "Miaka ishirini na haijaona matope."

"Sasa mbona anaiuza?" mweka hazina akauliza.

"Amerudi kwao. Lakini sikiza mama, kuna mtu anakuja saa nane na pesa mkononi. Mimi ningetaka muichukue nyinyi, kwa vile ni kikundi."

Mweka hazina alituvuta kando akasema, "Tungoje hadi kesho. Roho yangu haijatulia." Sisi tuliosoma, tulio na diploma zetu, tukamwambia nafasi kama hii haiji mara mbili. Tukalipa shilingi 720,000. Zilizobaki zilikuwa za mafuta na soda.

Wiki ya tatu, mwezi wa Aprili, usiku, gari lilikuwa limebeba mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye mlima dereva aliingiza fowili, lakini magurudumu ya mbele hayakuvuta hata kidogo. Akakanyaga zaidi, sindano ya joto ikapanda, mvuke ukajaa mbele, na gari likazima. Vijana walikata miti, wakatengeneza machela, wakambeba yule mama mpaka barabara ya lami, ambako gari lingine lilimchukua. Kwa bahati mtoto alizaliwa salama.

Fundi alipolala chini ya gari asubuhi, alituonyesha mahali patupu. Shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele ilikuwa imetolewa zamani. Tulikuwa tumelipia fowili tukapewa gari la kawaida. Na silinda hedi ya injini ilikuwa imepasuka.

Lakini gari si jambo lililotuuma zaidi. Maneno yalianza kwamba mweka hazina alipewa kitu kidogo na broka. Wanachama 11 waliacha kuchanga. Yeye mwenyewe akaacha kuja mkutanoni, na sokoni watu walinyamaza akipita. Hakuwa amekula hata shilingi moja. Katika sisi watano, ni yeye peke yake aliyetaka tungoje.

Maswali ya kuzungumza:

1. Katika kisa hiki nani alikosea, na wapi?
2. Taja ishara nne zilizoonyesha kwamba mambo si sawa siku ile ya kununua.
3. Je, kikundi chetu kimewahi kupoteza kitu kwa haraka? Tulijifunza nini?

MNAJUA ZAIDI YA MNAVYODHANI

Hamkusomea udaktari wa mifugo, lakini nani kati yenu anaweza kuuziwa ng'ombe mkavu akiambiwa anatoa lita kumi na tano? Hakuna. Mtataka kumwona akikamuliwa mbele yenu, jioni na asubuhi. Mtamtembeza muone kama anachechemea. Mtafungua mdomo mtazame meno. Mtashika kiwele. Mtauliza kwa majirani alizaa lini na kwa nini anauzwa. Na muuzaji akisema "haraka, kuna mwingine anakuja", mtamwambia amuuzie huyo mwingine.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Kutojua ufundi hakukutuponza. Tuliponzwa na kuacha mlangoni akili ambayo kila mmoja wetu hutumia akinunua ng'ombe. Tukauziwa mbuzi kwenye gunia.

HATUA YA KWANZA: JE, TUNAHITAJI FOWILI?

Kabla ya kutafuta gari, fanyeni hesabu. Chukueni daftari mwandike kwa mwezi mmoja: gari lingeitwa siku ngapi? Kilomita ngapi? Siku ngapi matope yangelizuia gari la kawaida?

Hapa tunaweka mfano. Weka bei zenu za leo mahali pa hizi zetu.

Gari likitembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 1,040. Fowili kuukuu yenye mzigo ikitembea kilomita 8 kwa lita, itakunywa lita 130. Tuseme lita ni shilingi 180:

Mafuta: 23,400
Dereva: 15,000
Kuweka akiba ya matairi na matengenezo: 15,000
Kuweka akiba ya bima na ukaguzi: 6,000
Jumla kwa mwezi: shilingi 59,400

Gawanya kwa siku 26. Gari hilo lazima liingize karibu shilingi 2,285 kila siku ya kazi kabla kikundi hakijaona faida hata ya senti. Lisipoingiza hizo, litaanza kula michango yenu polepole, kama mchwa.

Sasa linganisheni. Kama gari la kukodi ni shilingi 3,000 kwa siku, na nyinyi mnahitaji siku nane tu kwa mwezi, mtatumia 24,000 na shida za gari ni za mwenyewe. Kikundi cha namna hii kisinunue gari. Kiwekeane mkataba na mwenye pikapu au trekta, na pesa zifanye kazi nyingine. Kuamua kutonunua nako ni maendeleo.

HATUA YA PILI: MAFUNGU MATATU YA PESA

Kosa letu kubwa lilikuwa kumaliza pesa zote kwa bei ya gari. Gari kuukuu hununuliwa mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzaji, mara ya pili kwa fundi.

Kama mna shilingi 900,000, msitafute gari la 900,000. Tafuteni la 600,000. Wekeni 200,000 za matengenezo ya mwanzo, na 100,000 za bima, karatasi na mafuta ya kuanzia. Fungu la pili lisiguswe hata kama muuzaji analia machozi. Kikundi kisichoweza kugawa hivi bado hakijafika wakati wa kununua. Kiendelee kuchanga, akiba haiozi.

HATUA YA TATU: GARI LA NAMNA GANI?

Msianze na gari mnalolipenda. Anzeni na fundi mliye naye. Nendeni Litein, Kapkatet, Sotik au Kericho mjini, muulize mafundi watatu swali moja: "Ni fowili gani mnazozitengeneza sana, na vipuri vyake mnavitoa wapi?" Gari ambalo kipuri chake kinapatikana Kericho ni bora kuliko lile zuri ambalo kipuri chake kinangojwa wiki tatu.

Ndiyo sababu huku kwetu Toyota Hilux, Toyota Land Cruiser, Isuzu na Land Rover zimezoeleka. Isuzu huunganishwa Nairobi, na Land Cruiser za pikapu huunganishwa Mombasa. Land Rover nazo ziliunganishwa Thika kwa miaka mingi. Kiwanda cha Uingereza kiliacha kutengeneza Land Rover Defender Januari 2016, lakini nyingi bado zatembea na mafundi wake wapo. Kumbukeni jambo moja: bodi ya Land Rover ni ya alumini, haishiki kutu nyekundu, lakini chesisi yake, lile fremu la chini linalobeba gari lote, ni chuma. Bodi safi isiwadanganye.

Kwa kikundi chetu, injini ya diseli ya kawaida isiyo na kompyuta nyingi ni bora. Fundi wa jua kali ataielewa. Gari la starehe lenye taa kumi kwenye dashibodi laweza kuwakalisha nyumbani mwezi mzima kwa kosa la waya mmoja.

Kuhusu umri: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane. Kwa hiyo fowili ya miaka kumi na tano au ishirini mtainunua kwa mtu wa hapa hapa. Namba yake yaweza kuwasaidia. Namba za KA zilianza 1989, za KB 2007, za KC 2014 na za KD 2020. Lakini huo ni mwaka wa kuandikishwa Kenya, si wa kutengenezwa. Gari la KB la 2007 laweza kuwa lilitoka kiwandani 2000. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye logibuku.

HATUA YA NNE: KARATASI KABLA YA GARI

Msiende kuona gari kabla ya kuona karatasi. Moyo ukishapenda gari, macho hayasomi tena.

1. Ombeni picha ya logibuku. Jina ni la nani? Kama anayeuza si yeye, mwenyewe yuko wapi? Mtafuteni huyo mwenyewe.

2. Fanyeni utafutaji wa gari hilo kwenye eCitizen, katika huduma za NTSA. Kijana yeyote wa saiba atawasaidia. Mtaona mwenye gari ni nani, na kama jina la benki au mkopeshaji limeungwa na la mwenyewe. Likiungwa, gari lina deni. Msiliguse mpaka mkopeshaji aliachilie kwa maandishi.

3. Mkifika kwa gari, linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya logibuku, herufi kwa herufi. Fanyeni hivyo pia kwa namba ya injini. Mahali pa namba pakiwa pamesuguliwa au pamechomelewa, semeni asante na mwende nyumbani.

4. Ulizeni daftari la sevisi na risiti za vipuri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari bila daftari huja bila habari.

Sasa tuseme neno juu ya kilomita. Mita yaweza kurudishwa nyuma, na magari mengine ya zamani mita yake ikifika 99,999 huanza tena sufuri. Tumieni hesabu. Yule broka wetu alisema kilomita 140,000 kwa miaka 20. Gawanya: ni 7,000 kwa mwaka, yaani kilomita 19 kwa siku. Daktari gani wa misheni hutembelea zahanati kwa kilomita 19 kwa siku? Gari la kazi hutembea 20,000 kwa mwaka bila shida, na kwa miaka 20 hizo ni 400,000. Tazameni raba ya pedali, kiti cha dereva na usukani. Raba ikiwa imelika mpaka chuma, na mita inasema kilomita chache, amini raba.

Lakini msiogope kilomita nyingi zenyewe. Gari la kilomita 400,000 lililobadilishwa oili kila kilomita 5,000 na lina risiti zake ni bora kuliko la 150,000 lililoachwa bila kutunzwa. Mwulize muuzaji pia mkanda wa ndani wa injini, taimingi belti, ulibadilishwa lini. Injini nyingi za diseli za Toyota za zamani huwa nao, na hubadilishwa kila kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na injini. Ukikatika njiani, waweza kuvunja injini. Asipokuwa na risiti, hesabuni kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo mtoe kwenye bei.

HATUA YA TANO: UKAGUZI

Mwende asubuhi na mapema, kukiwa kavu na kuna mwanga. Msinunue gari usiku wala kwenye mvua, kwa maana maji huficha mikwaruzo ya rangi. Mgawane kazi: mmoja moshi, mmoja chini ya gari, mmoja matairi, mmoja aandike.

Mkono juu ya boneti. Mwambieni muuzaji mapema asiliwashe. Mkifika, jambo la kwanza wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, ameliwasha kabla yenu, labda kuficha kwamba asubuhi hukataa. Rudini siku nyingine.

Maji na oili, injini ikiwa baridi. Fungueni rejeta, yaani tangi la maji ya kupoza injini. Msiifungue kamwe ikiwa moto, itawachoma. Maji yakiwa na mafuta yanayoelea, ni hatari. Kisha vuteni kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ya diseli ni kawaida. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na injini hiyo ni mgonjwa mahututi.

Moshi. Liwashwe. Asubuhi ya baridi ya kwetu mvuke kidogo mweupe ukiisha haraka si neno. Moshi wa buluu usioisha maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi mwingi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yanapungua, ni dalili ya ugonjwa uliotupata sisi.

Chini ya gari. Tandikeni gunia mlale. Gongeni chesisi kwa bisibisi au jiwe dogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya mkebe na kumwaga unga wa kutu. Tazameni hasa mahali springi zinaposhikwa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini tu ina jambo inaloficha. Gari lililoishi pwani mlikague mara mbili, chumvi ya bahari hula chuma. Halafu tazameni shafti: kutoka kwenye gia boksi ya kati lazima muone moja ikienda nyuma na nyingine ikienda mbele. Sisi hatukulala chini. Tungelala dakika mbili tu, tungaliokoa kazi ya miaka mitatu.

Matairi. Yote manne yawe ya saizi moja, kwa maana saizi tofauti huumiza gia za fowili. Ubavuni mwa tairi pana namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT. Ikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lililopasuka pasuka ubavuni ni gharama yenu, hata kama bado lina meno.

HATUA YA SITA: BARABARANI

Kama ng'ombe, litembezeni. Angalau saa moja, na njia mchague nyinyi: lami kidogo, mlima mrefu, na njia mbaya kama zile za kwenda kituo cha majani.

- Kwenye mlima mrefu, mmoja asiondoe macho kwenye sindano ya joto. Ikipanda na kuendelea kupanda, mtihani umeanguka.
- Mteremkoni dereva aondoe mguu kwenye mafuta. Gia ikiruka yenyewe, gia boksi imechoka.
- Mahali pa wazi, breki zishikwe kwa nguvu. Gari likivutwa upande mmoja, andikeni.
- Usukani ukizungushwa mpaka mwisho na gari likienda polepole, sikilizeni magurudumu ya mbele. Mlio wa "ka-ka-ka" ni viungo vilivyolika.

Fowili ijaribiwe kwenye udongo au matope, si kwenye lami kavu. Aina nyingi za zamani huumia gia zikiendeshwa kwa fowili mahali pakavu pagumu. Magari mengine lazima ushuke ufunge swichi katikati ya magurudumu ya mbele. Mwulize mwenyewe aonyeshe, na muone zinazunguka. Halafu gari lipande mahali pa matope, mmoja wenu akisimama kando akitazama: je, magurudumu ya mbele yanavuta au yanasukumwa tu? Simamisheni gari, ingizeni na ile gia nzito, lipande polepole. Muuzaji akisema "fowili ni nzima, hakuna haja ya kujaribu", basi si nzima.

Mkirudi, acheni injini inguruma robo saa, kisha tazameni chini. Tone moja la oili kwa gari la umri huu mwaweza kulivumilia, mfereji hapana.

HATUA YA SABA: FUNDI WENU, SI WA MUUZAJI

Gari likifaulu kwa macho yenu, sasa leteni fundi. Awe mtu mnayemfahamu, asiyejuana na muuzaji wala broka. Mlipeni ada ya siku, mkubaliane kabla, na mmlipe sawasawa mkinunua au msiponunua. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa, mdomo wake utasema linunuliwe. Aandike karatasini kila kilichoharibika na bei ya kukitengeneza. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoiweka mezani mkipatana bei, na ndiyo itakayosomwa mkutanoni.

HATUA YA NANE: KULIPA

1. Waliotumwa wasinunue siku ile ile. Warudi, wasome ripoti mbele ya wote, kikundi kipige kura, katibu aandike. Gari likichukuliwa na mwingine, lichukuliwe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

2. Pesa zipite benki, ziende kwa jina lililo kwenye logibuku. Muandikiane mkataba mbele ya wakili au mashahidi wa pande zote mbili. Pesa mkononi kando ya barabara, hapana.

3. Uhamisho wa umiliki hufanywa kwenye eCitizen, muuzaji akianzisha na mnunuzi akikubali. Mfanye pamoja siku ya kulipa. Ahadi ya "nitahamisha wiki ijayo" imeliza wengi.

4. Gari liwe la kikundi, si la mwenyekiti. Mwenyekiti akifariki gari likiwa kwa jina lake, watoto wake wana haki ya kulidai. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, na mwone afisa wa maendeleo ya jamii awaonyeshe njia ya kuandikisha mali.

5. Chukueni bima inayolingana na kazi. Bima ya gari la kibinafsi haiwezi kuwalipa mkiwa mmebeba mizigo ya watu kwa malipo.

BAADA YA KUNUNUA

Wiki ya kwanza, kabla ya mzigo wowote: badilisheni oili zote, za injini, gia boksi na difu, badilisheni filta, breki zikaguliwe. Wekeni daftari ndani ya gari. Dereva aandike kila siku kilomita, mafuta na kila mlio mgeni. Dereva awe mmoja, na funguo zikae kwa mtu mwingine.

MASWALI YA MWISHO

1. Daftari letu la mwezi mmoja linasema nini: tununue au tukodi?
2. Tutamtuma nani kukagua, na tutawalindaje na maneno ya watu?
3. Tunaweza kuweka fungu gani lisiguswe?
4. Mwanachama akisema "tungoje", tutamsikilizaje?

Swali hilo la nne tumeliweka kwa sababu. Kikundi kile cha kisa hakikufa. Sisi tulikwenda mkutanoni tukasema mbele ya wote kwamba ni sisi tuliomkataza mweka hazina kungoja. Haikuwa rahisi kusema, na ilichukua muda kabla hajarudi kuketi na wenzake. Miaka miwili baadaye walikuwa na pesa tena, pungufu kuliko za kwanza, wakatuita tuwasindikize. Mara hii walikagua magari matatu wakayakataa mawili. Tulipofika kwa lile la tatu, asubuhi na mapema, muuzaji alianza kueleza. Mweka hazina hakumjibu. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya gari, akavua kitambaa mkononi, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Ni baridi," akasema. "Haya, tuanze."